Siri ya choroa wa Mkomazi kuishi bila kunywa maji

Na Mwandishi Wetu, Same

JINA la Mkomazi linatokana na maneno mawili ya Kipare: 'mko', yaani kijiko cha mti, na 'mazi', yaani maji. Maana yake ni kwamba maji ya huko hayazidi kijiko kimoja. Nyanda hizo kame, zilizo kilomita chache kutoka mji wa Same, zilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951 na zikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008.

Ukame ukizidi, ng'ombe hudhoofu na kufa. Choroa na swala twiga, hata hivyo, huweza kukaa muda mrefu bila kunywa, wakitegemea unyevu wa mimea wanayokula.

Sehemu kubwa ya siri hiyo imo katika epithelia, yaani tabaka la seli zilizoshikamana linalofunika sehemu za ndani za viungo kama figo na utumbo. Tabaka hilo ndilo linaloamua kipi kipite na kipi kizuiwe.

Seli haziwezi kusukuma maji yenyewe. Badala yake, seli za figo hutumia nishati kurudisha sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi, kutoka katika mirija ya mkojo kuelekea kwenye damu. Chumvi ikitangulia, maji hufuata, yakipitia protini ziitwazo akwaporini. Ugunduzi wa protini hizo ulimwezesha Peter Agre wa Marekani kushiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003.

Mwili ukipungukiwa maji, homoni ya vasopresini huongeza njia hizo, na mkojo huwa kidogo na mzito. Utumbo mpana nao hufyonza maji, kiasi kwamba kinyesi hutoka kikavu.

Kanuni hiyohiyo huokoa binadamu. Mtoto anayeharisha hupoteza maji pamoja na chumvi, hivyo maji matupu hayamtoshi. Lakini utumbo wake bado huweza kupitisha sodiamu ikiambatana na sukari, na maji yakafuata. Hiyo ndiyo kazi ya ORS.

Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji safi huchanganywa na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa juu, huku mgonjwa akiwahishwa kituo cha afya.