Begi la Kambini (2): Pakia kwa Ajili ya Usiku

Wiki iliyopita tulimaliza habari za viingilio na kuweka nafasi ya kambi. Tuchukulie basi kwamba gari limepatikana, hema limeazimwa kwa shemeji, na safari ni ya mwezi wa Julai: usiku mmoja ukingoni mwa Ngorongoro, kisha siku mbili Seronera, katikati ya Serengeti. Mtu wa Dar es Salaam anaweka begi kitandani na kuanza kutia fulana, kaptula, miwani ya jua na mafuta ya kujipaka asiungue. Kila anachotia ni cha mchana. Lakini mchana wote atashinda ndani ya gari, chini ya paa. Aliyekwenda kulala hemani hukutana na pori usiku, na usiku wa huko si mfupi: Julai jua huzama yapata saa moja kasorobo jioni na halionekani tena mpaka saa moja kasorobo asubuhi.

Baridi kwanza. Ukingo wa Ngorongoro uko mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Piga hesabu: siku ambayo Dar ina nyuzi 28, ukingoni tegemea 13 hivi, na hapo hata usiku haujaingia. Alfajiri ya kipupwe hushuka chini ya 10. Juu ya hayo kuna unyevu. Kusi, upepo uleule unaosukuma majahazi kwenda kaskazini, huingia bara ukiwa bado umebeba mvuke wa bahari. Ukifika kwenye miinuko ya Ngorongoro hauna pa kupita ila juu. Hupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka ukungu. Ndiyo maana hema hukutwa asubuhi limelowa chepechepe katika mwezi ambao njia ya kushukia Serengeti ni vumbi tupu.

Wengi wakisikia baridi huongeza blanketi la kujifunika. Mimi naanzia chini. Ardhi hunyonya joto la mwili usiku kucha, na mfuko wa kulalia hauwezi kuizuia, kwa sababu kinachohifadhi joto ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi zake, na hewa hiyo hukamuliwa yote pale mgongo unapogandamiza. Godoro la sponji, hata la inchi mbili, lina faida kuliko blanketi la pili. Chini yake tandika mkeka. Nguo za kulalia ziwe kavu na za peke yake, zisiwe zile ulizotokwa nazo jasho. Ongeza sweta, soksi nzito na mzula. Doti ya kanga haihitaji wakili: ni shuka, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, na ni kifuniko cha pua vumbi linapotimka njiani kuelekea lango la Naabi. Wanaume nao wabebe, waache haya.

Kambi za umma za Seronera hazina uzio. Jiko na mahali pa kulia pamezungushiwa nyavu za chuma, kwa hiyo mwenye kula chakula cha usiku ndiye aliye kizimbani, na fisi ndiye mtazamaji. Kwa sababu hiyo kila mtu, pamoja na watoto, awe na tochi yake ya kuvaa kichwani na betri za akiba. Kabla ya kutoka kwenda chooni, fungua zipu kidogo na uzungushe mwanga taratibu. Wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, hivyo macho yao hung'aa kabla hujaona mwili. Ukiyaona, funga zipu na usubiri. Kwa hali hiyo ndoo ndogo yenye mfuniko ni kifaa cha lazima, ingawa vijitabu vya watalii huona aibu kuitaja. Viatu vilale ndani, maana fisi hutafuna ngozi. Chakula kisilale ndani hata kidogo, iwe pipi au chungwa. Tembo hunusa matunda kutoka mbali, na turubai si ukuta kwake.

Mbu tunawajua, na mikono mirefu wakati wa kula usiku inatosha kama kumbusho. Mbung'o hawajulikani sana mjini. Hawa huuma mchana, hupenya kitambaa chepesi, na dawa za kupaka haziwasumbui sana. Wanavutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hifadhini ni vitambaa vya rangi hizohizo vilivyotiwa dawa na kuning'inizwa kando ya njia. Anayevaa suruali ya jinzi ya buluu amejifanya mtego usio na dawa. Si mzaha: mwaka 2001 watalii kadhaa kutoka Ulaya waliugua malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, baada ya kuzuru Serengeti na Tarangire. Vaa rangi ya kaki, kijivu au udongo. Mabakamabaka yanayofanana na sare za jeshi yaache kabisa. Hayo ni kosa kisheria.

Darubini ni bora kila mtu awe na yake, la sivyo chui atashuka mtini mnanyang'anyana. Iliyoandikwa 8×42 hukuza mara 8, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Msukumo wa wauzaji ni kwenye namba ya kwanza. Wewe tazama ya pili, kwa kuwa lenzi pana hukusanya mwanga zaidi magharibi na alfajiri, saa ambazo simba wako macho.

Kuhusu uzito, Theodore Roosevelt alishuka Mombasa Aprili 1909, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, na miongoni mwa mizigo yake kulikuwa na sanduku la vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe, kama kilo 27, mzigo kamili wa mpagazi mmoja. Wewe huna mpagazi. Chukua begi laini linaloshindilika nyuma ya gari, si sanduku la magurudumu. Mifuko ya Rambo ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo nguo chafu ziende na mfuko wa kitambaa, takataka na kiroba cha kurudi nacho. Dawa zako za kila siku na kitambulisho cha taifa vikae mfukoni, kwani bila kitambulisho langoni utatozwa kama mgeni.

Maji, mtungi wa gesi na chakula ni mzigo wa gari, si wa begi. Tutaupakia wiki ijayo.