Mshahara wa kwanza si mavuno

Juma lililopita alinijia ofisini binti mmoja niliyemfundisha isimu alipokuwa akisomea shahada ya ualimu. Tangu ahitimu ilikuwa imetimia miaka saba, na katika muda huo wote alikuwa akisaga lami. Alifundisha kwa malipo ya bodi ya shule, malipo ambayo yalikuja siku yalipotaka. Aliuza sare za wanafunzi sokoni. Jioni aliwafunza watoto wa majirani kwa ujira usiotosha hata pakiti ya unga. Safari hii, hata hivyo, uso wake ulikuwa umechangamka. Alikuwa ameajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu.

Baada ya pongezi alitoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitandaza mezani. Ilikuwa orodha ya mambo 14. Palikuwa na kitanda, jiko la gesi, mabati ya nyumba ya mama, karo ya ndugu yake mdogo, viatu, simu mpya, deni la kodi ya nyumba, deni la dukani, mikopo ya simu, mkopo wa chuo kikuu, mchango wa harusi ya binamu na mengineyo.

"Mwalimu," akaniambia, "mshahara wa kwanza unaingia mwisho wa mwezi. Nianze na lipi?"

Nilijumlisha gharama zile pembeni mwa karatasi. Orodha ingemeza mshahara wake wa takriban miezi sita, naye awe hali wala halali mahali pa kulipia. Nilimwomba anipe muda nifikiri. Jibu nililompa baadaye ndilo ninalowaletea leo, wasomaji wangu, kwa kuwa najua kwamba swali lake ni la wengi.

Wapo watakaoharakisha kumkemea. Watatoa methali iliyo tayari mdomoni: maskini akipata, matako hulia mbwata. Mimi methali hiyo siipendi sana. Yaelekea ilitungwa na walioshiba, wakimtazama mwenye njaa anavyokula. Mtu aliyelala kwenye godoro la kuazima kwa miaka saba hana kosa akitamani kitanda. Aidha, tangu serikali ilipoacha mnamo 1998 kuwaajiri walimu moja kwa moja walipotoka vyuoni, maelfu ya vijana wetu wamezoea kungoja miaka mingi. Fedha zinazokuja baada ya subira ya namna hiyo si sawa na fedha za mtu aliyetoka chuoni jana. Hukuta foleni ndefu ya wenyewe imekwisha kupangwa mlangoni.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, naomba nianze na neno lenyewe. Mzizi wa neno mshahara ni neno la Kiarabu lenye maana ya mwezi. Mshahara, basi, ni ujira wa mwezi. Wengi wetu tumezaliwa katika nyumba ambazo pato lilikuwa la msimu. Mimi nilizaliwa katika nchi ya miwa, karibu na Mumias. Miwa ya kwetu hukaa shambani mwaka mmoja na nusu, pengine hata miaka miwili, ndipo ikatwe. Malipo yakija huja kwa mkupuo. Siku hiyo karo hulipwa, ng'ombe hununuliwa, harusi iliyoahirishwa hufungwa, na kuna wazee waliolala mjini hadi shilingi ya mwisho ilipowarudisha nyumbani. Hayo ndiyo mazoea tuliyolelewa nayo: fedha zikija, matatizo yote hutatuliwa siku moja, kisha tunaanza kungoja tena.

Mshahara hauna tabia hiyo. Huja kidogo, hurudi tena kidogo, na wa mwezi huu ni sawasawa na wa mwezi ujao. Anayeupokea kama mavuno huumaliza kwa juma moja, akabaki na majuma matatu ya kiangazi. Naliandika hili kwa uchungu kwa kuwa limenikuta mimi mwenyewe.

Nilihitimu mwaka wa 2002 na kupata kazi ya kudumu mwaka wa 2007. Katika miaka mitano ile mama aliuza mtamba wake ili nisifukuzwe katika chumba nilichopanga. Mzee mmoja mwenye duka pale sokoni alinikopesha sukari, sabuni, mafuta ya taa na mara nyingine nauli ya kwenda kwenye mahojiano. Jina langu lilikuwa na ukurasa wake mzima katika daftari lake. Hakunidai. Kila nilipopita aliniuliza tu, "Mwalimu, bado?" nami nilijibu, "Bado, mzee."

Nilipoajiriwa, makaratasi yalichukua miezi mitatu, kwa hiyo mshahara wa kwanza uliingia pamoja na malimbikizo. Sikuwa nimewahi kushika fedha nyingi hivyo. Nilinunua suti. Nilinunua televisheni. Nilialikwa katika harambee mbili, na kwa kuwa nilitambulishwa kama "mwalimu wetu mpya," niliona haya kutoa kidogo. Benki moja ikanikaribisha nichukue mkopo kwa dhamana ya hati yangu ya mshahara peke yake, nami nikauchukua ili ninunue viti vya kutazamia televisheni ile. Nilipoipeleka nyumbani, mama aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mzee wa duka umeshamwona?" Nikamwambia nitamwona mwezi ujao.

Mwezi ujao makato ya benki yalianza. Mwezi uliofuata pia nilishindwa. Niliacha kupita njia ya dukani, nikawa nazungukia nyuma ya soko. Nilipokwenda hatimaye kumlipa, mwaka mmoja na ushei ulikuwa umepita, na duka lilikuwa limefungwa. Nilimfuata nyumbani kwake. Alizipokea fedha, akanishukuru, akatafuta lile daftari, akaufuta ukurasa wangu kwa mistari miwili. Sidai kwamba deni langu peke yake ndilo lililofunga duka lile. Lakini nilikuwa mmoja wa waliolifunga, na nilifanya hivyo nikiwa na mshahara mfukoni.

Kutokana na kisa hicho nilijifunza jambo moja. Ukosefu wa kazi wa muda mrefu humwachia mtu madeni ya aina mbili: madeni ya fedha na madeni ya wema. La fedha lina kiasi, tarehe na mwisho. La wema halina kiasi wala mwisho. Mama hawezi kulipwa mtamba wake akanyamaza kuwa mama. Balaa huanza pale mtu anapoyachanganya mawili haya: anataka kulipa wema wote kwa mkupuo mmoja, mbele ya watu, huku deni lenye tarehe akiliahirisha kimyakimya.

Basi nilimwambiaje yule binti?

Kwanza, asipange lolote kabla ya kuiona hati ya mshahara. Mshahara unaotajwa katika barua ya ajira si unaofika benki. Tuseme jumla ya mapato ni shilingi 50,000. Bima ya Afya ya Jamii huchukua asilimia 2.75, yaani shilingi 1,375. Ushuru wa nyumba huchukua asilimia 1.5, yaani shilingi 750. Hapo hatujagusa kodi ya mapato, mchango wa malipo ya uzeeni, wala marejesho ya mkopo wa chuo. Orodha ya mtu ipangwe kwa kile kinachobaki.

Pili, madeni ya fedha yaandikwe yote, kila moja na gharama yake. Hapa hesabu ni ya lazima kwa sababu madeni hayalingani. Mkopo wa simu wa shilingi 10,000 unaotozwa asilimia 7.5 kwa mwezi, ukiwa unaukopa upya kila mwezi kwa mwaka mzima, utakugharimu shilingi 9,000 za ada, na zile 10,000 bado unadaiwa. Kiasi hichohicho kutoka chama cha akiba na mikopo kinachotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio, ukilipa kidogo kidogo kwa miezi 12, kitakugharimu riba ya shilingi 650 tu. Kwa hiyo mikopo ya simu ndiyo ya kuzimwa mwanzo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu una riba ndogo, lakini asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Mwajiriwa mpya aiarifu bodi hiyo mapema badala ya kujificha.

Vipi deni la dukani, lisilo na riba hata ndururu? Wataalamu wa fedha watakushauri uliweke mwisho kwa kuwa halikui. Mimi nasema liwekwe mbele. Mwenye duka alikuamini bila dhamana, na fedha zako ndizo mtaji wake. Asipoweza kulipwa lote mara moja, apelekewe fungu la kwanza mwezi wa kwanza, tena kwa mkono, na atajiwe tarehe ya fungu la pili. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nadhani matanga huzidi pale mdaiwa anapoanza kukwepa njia.

Tatu, jamaa. Hapa ndipo wengi huzama, na sitaki mtu adhani kwamba namfundisha uchoyo. Mkono uliokulisha usiuache mtupu. Lakini msaada ugeuzwe kuwa wa mwezi, kama ulivyo mshahara wenyewe. Mtu aamue kiasi ambacho anaweza kukitoa mwezi huu, na ujao, na Januari wakati wa karo, kisha akiseme wazi nyumbani: "Mama, hiki ndicho nitakacholeta kila mwezi." Shilingi 4,000 zinazofika kila mwezi zitamfaa mama kuliko shilingi 30,000 za siku moja zinazofuatwa na mwaka wa visingizio. Wanaokuja na michango ya harusi na mazishi watolewe katika fungu hilohilo. Likiisha, limekwisha, na kusema hivyo si dhambi.

Nne, akiba. Neno hili nalo lina asili ya Kiarabu, katika neno lenye maana ya mwisho au matokeo ya jambo. Lakini kwa mwenye mshahara akiba isiwekwe mwishoni, maana mwishoni huwa hapabaki kitu. Ikatwe mwanzoni. Katika vyama vingi vya akiba na mikopo mwanachama hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake. Anayeweka shilingi 3,000 kwa mwezi atakuwa na shilingi 72,000 baada ya miaka miwili, na kwa hizo ataweza kuomba hadi shilingi 216,000. Huo ndio mlango wa mabati ya mama. Yatakuja mwaka wa pili badala ya mwezi wa kwanza, lakini yatakuja bila kuibomoa hati ya mshahara.

Na juu ya hati hiyo, tahadhari moja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote kwa jumla kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Wako walimu wanaolichukulia jambo hili kama lengo la kufikiwa: wanakopa hadi ibaki thuluthi, nayo wanaikopea kwenye simu. Thuluthi ile ni ukingo wa shimo. Mwenye busara hajengi nyumba ukingoni.

Mwanafunzi wangu alinisikiliza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na mimi je, Mwalimu? Miaka saba yote, nisijinunulie chochote?"

Nakiri kwamba swali hilo lilinipata. Katika mipango yangu mizuri nilikuwa nimemsahau mwenye mshahara. Mpango usiomwachia mtu furaha yoyote hautadumu, kwa sababu mwili ulionyimwa muda mrefu utajichukulia wenyewe siku moja, tena kwa pupa. Nilimwambia achague kitu kimoja katika orodha, kisichotaka mkopo, akinunue mwezi wa kwanza bila kuomba radhi. Alichagua viatu. Alisema atasimama mbele ya darasa siku nzima, na hivyo alivyovaa vilikuwa vimeshonwa mara tatu.

Tuliipanga upya ile karatasi. Viatu, mikopo ya simu na fungu la kwanza la duka vilipanda juu. Kitanda kilihamia mwezi wa tatu. Simu mpya ilifutwa. Mchango wa harusi ulipunguzwa hadi ukaingia katika fungu la jamaa, na hapo aliguna, kwani binamu huyo aliwahi kumpa malazi. Nilimweleza kwamba fadhila ya malazi hailipwi kwa bahasha ya siku moja. Sijui kama alikubali.

Enyi mnaongoja bado, wekeni daftari sasa hivi. Andikeni mnachodaiwa na waliowatendea wema, ili siku fedha zitakapofika msiwe na haja ya kukumbuka mkiwa mmezungukwa na makofi. Nanyi mlioajiriwa mwezi huu, kabla ya kununua kitu chochote cha kuwaonyesha majirani, piteni kwanza njia ile ya dukani. Wakati duka lingali wazi.