Kujaza Risasi Upya Nyumbani

Ganda la risasi lililokwisha kufyatuliwa si takataka kwa walenga shabaha wengi wa Marekani. Huokotwa, husafishwa, hurudishiwa umbo lake, hutolewa fataki (kiwashio kidogo cha kitakoni) iliyowaka na kuwekewa mpya, kisha humiminiwa baruti na kuzibwa kwa kichwa kipya. Kazi hiyo hufanywa gereji au ghorofa ya chini ya nyumba, kwenye meza iliyofungiwa mashine ndogo ya mkono. Katika hatua zote hizo, ya baruti ndiyo isiyosamehe.

Baruti isiyo na moshi, aliyoibuni Mfaransa Paul Vieille mwaka 1884, ikiwashwa mahali wazi huungua upesi bila kulipuka. Ikibanwa ndani ya bunduki, gesi yake huongeza shinikizo, na shinikizo likiongezeka baruti nayo huungua kwa kasi zaidi. Kwa hiyo kuzidisha kidogo tu kwaweza kupandisha shinikizo kupita kiasi. Kipimo chake ni greni, takriban miligramu 65, na mizani hukaguliwa kwa mawe yenye uzito unaojulikana kabla ya kazi kuanza. Viwango hutoka katika vitabu vya watengenezaji wa baruti na vichwa vya risasi, si kwa jirani, hata awe mzoefu namna gani. Mjazaji makini huanza karibu asilimia 10 chini ya kiwango cha juu, akapanda kidogo kidogo.

Makosa mawili yanayoogopwa zaidi ni ganda lililomiminiwa mara mbili na ganda lililosahauliwa kabisa. Ganda la bastola la .38 Special lilitoka zama za baruti nyeusi, iliyohitaji nafasi kubwa. Baruti za leo hukaa chini kabisa, hivyo kipimo cha pili huingia bila kufurika. Bastola yaweza kupasuka mkononi. Ganda lisilo na baruti nalo lina hila yake: nguvu ya fataki pekee husukuma kichwa hadi kikakwama ndani ya mtutu, mlio ukawa hafifu, na mpigaji asiposhtuka, risasi inayofuata hukigonga. Kinga ya makosa yote mawili ni rahisi mno: maganda hupangwa wima kwenye kibao chenye matundu, na kila moja humulikwa kwa tochi kabla ya kuzibwa. Simu ikiita katikati ya kazi, ganda lenye shaka humwagwa likapimwa upya.

Juu ya meza huwa na mkebe mmoja tu wa baruti. Aina nyingi hufanana kwa rangi na punje, huku moja ikiungua kwa kasi mara kadhaa kuliko nyingine. Kazi ikiisha, masalio hurudi kwenye mkebe wake wa asili, na baruti isiyojulikana jina haikisiwi, huharibiwa. Yenye harufu ya asidi au moshi mwekundu wa kahawia imeoza, nayo haifai kuhifadhiwa.

Fataki, ingawa ni ndogo kuliko punje ya njegere, zina kilipuzi halisi. Hukaa katika vijisanduku vya kiwandani vinavyozitenganisha. Zikirundikwa kwenye chupa, moja ikilipuka huamsha zote. Miwani ya kinga haivuliwi. Kanuni ya NFPA 495, ya chama cha Marekani cha kuzuia moto, huruhusu nyumbani ratili 20 za baruti ndani ya mikebe yake, takriban kilo 9, na fataki zisizozidi 10,000.

Kiswahili huita kwa neno moja risasi ya bunduki na madini ya risasi, na mezani hapa viwili hivyo hukutana kweli. Fataki nyingi zina mchanganyiko wa madini hayo yenye sumu, na masizi yake hubaki ndani ya maganda yaliyotumika. Mashine ya kuyasafisha hutimua vumbi lenye sumu hiyo, kwa hiyo hufunguliwa nje, mbali na watoto. Hakuna kula wala kuvuta sigara mezani, na mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kugusa chochote cha jikoni.