Chembe za Plastiki Ndani ya Mishipa ya Damu

Nyumba isiyokuwa na plastiki ni adimu siku hizi. Maji huchotwa kwa dumu la plastiki, chumvi hufungwa ndani yake, na nguo nyingi tuvaazo zimefumwa kwa nyuzi za asili hiyo. Plastiki haiozi kama jani la mgomba. Humeguka kwa jua na msuguano hata ikawa vumbi. Vipande vyake vilivyo vidogo mno huingia mwilini kwa chakula, maji na pumzi. Mwaka 2022 wataalamu wa Uholanzi walipima damu ya watu 22, wakazikuta chembe hizo kwa 17.

Je, zina madhara gani? Mwezi Machi 2024, Profesa Raffaele Marfella wa Italia na wenzake walitangaza matokeo yapasayo kuangaliwa. Walichunguza utando wa mafuta uliotolewa kwa upasuaji katika mishipa ya shingo ipelekayo damu kwenye ubongo. Kati ya wagonjwa 257, 150 walikutwa na plastiki ya aina itengenezewayo mifuko, na 31 kati yao walikuwa pia na ile ya mabomba. Darubini ilionyesha vipande vyenye kingo zilizochongoka ndani ya seli zilindazo mwili, na dalili za uvimbe zilikuwa nyingi zaidi.

Katika muda wa karibu miaka 3, wagonjwa 30 kati ya wale 150 walipatwa na shambulio la moyo, kiharusi au mauti. Miongoni mwa 107 wasiokuwa na plastiki, yaliwafika 8 tu.

Hata hivyo, kuonekana pamoja si kusababishana. Yamkini wenye plastiki nyingi walitofautiana na wenzao kwa maisha yao. Basi mtu asiache kujihadhari na tumbaku, chumvi nyingi na shinikizo la damu, maadui waliokwisha kuthibitishwa.

Lakini tahadhari haina gharama. Uchunguzi uliofanywa Ireland mwaka 2020 ulionyesha kuwa maji ya moto huzidisha sana chembe zitokazo katika chupa za plastiki za watoto. Kwa hiyo uji wa mtoto upozwe kwanza katika bakuli la udongo au la bati, na chakula kitokacho jikoni kikifuka moshi kisitiwe katika mfuko wa plastiki.