Vijia vya Tshangalele: mahali pa kutembea kando ya ziwa la umeme

Barabara ya taifa namba 1 ya Kongo na reli ya Lubumbashi kwenda Likasi zote zinapita Kapolowe Gare, kituo ambacho abiria wengi hukiona dirishani tu, mawazo yao yakiwa kwenye biashara inayowangoja mbele. Kutoka huko vijia vinaelekea Kapolowe Mission na ukingo wa ziwa Tshangalele. Ni vijia vya watu walio kazini: wachuuzi wa samaki wanaosukuma baiskeli, wanawake wanaokwenda mashambani, wachoma makaa na magunia yao. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba baadhi ya vijia hivyo vinafaa kupimwa, kuwekwa alama na kufunguliwa kwa yeyote wa Likasi mwenye nauli ya basi, na kwamba utafiti uliokwisha kufanywa Katanga unatosha kutuelekeza vipite wapi na viepuke wapi. Mji ulioishi na migodi kwa zaidi ya miaka mia moja unastahili mahali pa kutembea kwa furaha, tena mahali palipochaguliwa kwa akili.

Ziwa lenyewe limetengenezwa na watu. Bwawa la Mwadingusha lilijengwa kwenye mto Lufira, juu ya maporomoko yaliyokuwa yakiitwa Cornet, ili viwanda vya kampuni ya madini ya Union Minière vipate umeme. Mitambo ilianza kazi mwaka 1930, na viwanda vya shaba vya Jadotville, yaani Likasi ya leo, vilikuwa miongoni mwa vile vilivyoutegemea umeme huo. Mto ulipozuiwa haukujaza bonde lenye kina. Ulitanda juu ya nchi tambarare. Ndiyo sababu Tshangalele ina mamia ya kilomita za mraba za maji, lakini kina chake kwa wastani ni mita chache tu. Sifa hiyo moja inaeleza karibu kila kitu ambacho mtembeaji atakiona. Kiangazi maji yakipungua hata kwa mita moja, ukingo unarudi nyuma sana na kuacha uwanda mpana wa tope. Mvua zikirudi, uwanda huo unafunikwa tena, na matete na mafunjo yanasimama ndani ya maji.

Hapa ndipo penye pingamizi zito, na halifai kupitwa kwa haraka. Mito inayopita Likasi, hasa Panda na Buluo, imepokea majitaka ya viwanda kwa miongo mingi, na mwisho wa safari ya maji hayo ni Tshangalele. Je, ni busara kuwaalika watu watembee kando ya ziwa la namna hiyo? Jibu linaanza na jinsi madini yanavyosafiri. Shaba na kobalti huyeyuka vizuri katika maji yenye tindikali, lakini miamba mingi ya Katanga ina asili ya chokaa, na maji yakikutana nayo tindikali hupungua. Madini yakishindwa kubaki yameyeyuka, hushikamana na chembe za udongo. Kisha mto unaingia ziwani, mwendo unakufa, na chembe zinazama, kama mtungi wa maji ya mto ulioachwa utulie usiku kucha. Kwa hiyo mzigo mkubwa haukai ndani ya maji yanayong'aa juani. Unakaa kwenye tope, na zaidi kwenye tope lililo karibu na midomo ya mito inayotoka mjini. Uwanda unaoachwa wazi wakati wa kiangazi ndio wa kuogopwa kuliko maji yenyewe, maana tope likikauka hugeuka vumbi.

Vumbi lenye madini lina historia yake katika afya ya watu. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery na wenzao wa Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa kusini mwa Katanga. Walioishi karibu sana na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi kuliko walioishi mbali zaidi, na watoto ndio waliokuwa na hali mbaya kuliko wote. Tafiti zilizofuata zilitafuta njia ambazo madini hayo huingia mwilini, na zilionyesha kwamba chakula kilichokuzwa hapohapo na vumbi linalomezwa, hasa na watoto, vina uzito mkubwa. Kwa mtembeaji maana yake ni hii: hatari iko mdomoni na mikononi kuliko miguuni, na inategemea umbali na muda. Saa chache kwenye kijia kilicho juu ya mstari wa maji ya masika, mbali na midomo ya mito inayotoka mjini, si sawa na kuishi miaka kumi pembeni mwa kiwanda. Nakwenda mbali zaidi: kwa mtoto wa mtaa ulio jirani na kiwanda cha Shituru, siku moja kwenye msitu wa Kapolowe ni siku moja nje ya vumbi la nyumbani. Lakini sharti liwepo. Udongo wa kila kijia upimwe kabla ya kibao cha kwanza kusimamishwa, na vibao viseme waziwazi kwamba maji ya kunywa mtu aje nayo, mikono ioshwe kabla ya kula, na watoto wasicheze kwenye tope.

Katanga pia ina kipimo ambacho hakina gharama. Mmea mdogo uitwao Haumaniastrum katangense, wenye maua ya zambarau, humea kwa wingi kwenye udongo wenye shaba ambao mimea mingine huukimbia. Wanaakiolojia wameufuata na kugundua mahali ambapo wafua shaba wa zamani walijenga tanuri zao, karne nyingi kabla ya Union Minière. Mimea ya Katanga inayostahimili udongo wa shaba na kobalti inafikia mamia ya spishi, na baadhi haipatikani kwingine kokote duniani. Zulia la zambarau pembeni mwa kijia ni onyo la kupeleka udongo huo maabara. Haliwezi kuchukua nafasi ya maabara yenyewe, kwa sababu mmea huu unaweza kukua hata pasipo na shaba nyingi. Hata hivyo mwalimu wa sekondari akiwa na wanafunzi thelathini hapo, somo la kemia na somo la historia yanakutana kwenye jani moja.

Juu ya mstari wa maji kuna msitu wa miombo, na hapo ndipo kijia kinapaswa kutumia muda wake mwingi. Agosti na Septemba, kabla hata tone la mvua halijaanguka, miti ya jamii ya Brachystegia hutoa majani mapya mekundu yanayogeuka rangi ya shaba, kisha kijani. Kati ya miti husimama vichuguu ambavyo mgeni hudhani ni vilima vya kawaida. Ni kazi ya mchwa aina ya Macrotermes falciger, na vingi hupita mita tano kwenda juu. Watafiti waliopima umri wa baadhi ya vichuguu karibu na Lubumbashi kwa njia ya kaboni walikuta kimoja kina zaidi ya miaka 2,000. Udongo wake una mfinyanzi na madini mengi kuliko ardhi inayokizunguka, ndiyo maana miti iliyo juu yake si ile ya miombo ya pembeni, na ndiyo maana mafundi matofali hukichimba. Kichuguu kikishakuwa tanuri la matofali, umri huo wote umekwisha ndani ya wiki chache.

Wapo watakaosema kwamba watu wa Katanga wanatembea kupita kiasi tayari, na kwamba matembezi ya starehe ni mambo ya wenye magari. Sehemu ya kwanza ni kweli kabisa. Anayesukuma gunia la makaa kilomita nyingi hahitaji kuambiwa faida za mazoezi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu watu karibu 20,000 wa Uingereza uligundua kwamba waliokaa kwenye mazingira ya asili angalau dakika 120 kwa wiki walielekea zaidi kueleza kuwa wana afya njema na maisha ya kuridhisha, iwe dakika hizo walizitumia kwa mkupuo au kwa vipande. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi chanzo, na Uingereza si Katanga. Ila unadokeza kwamba kinachohesabiwa si uchovu wa miguu; ni kukaa mahali penye miti na maji bila mzigo kichwani. Fursa hiyo ndiyo inayokosekana Likasi, na hapo usafiri wa umma unaamua kila kitu. Njia inayoanzia kwenye kituo cha basi ni ya fundi, muuguzi na mwanafunzi. Ikihitaji gari la kukodi, yule mkosoaji atakuwa amesema kweli.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wapenda ndege, wanaohofia kwamba watembeaji watawasumbua ndege hao, nami naliheshimu. Mwaka 1960 mwanazuolojia Jean-Claude Ruwet alimpata hapa mnana mwenye uso mweusi ambaye wanasayansi walimtambua kuwa spishi mpya mwaka 1982, wakamwita Ploceus ruweti. Mwaka huohuo wa 1982 UNESCO iliitambua Lufira kuwa hifadhi ya bayongahewa, na mwaka 2017 bonde la Lufira likaingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Mnana huyo alikaa muda mrefu bila habari hadi alipoonekana tena mwaka 2009. Hujenga viota vyake juu ya maji wakati wa mvua, na huo ndio msimu ambao vijia vya ukingoni vina utelezi na mbu ni wengi. Kwa hiyo kalenda inajipanga yenyewe: njia ya msituni iwe wazi mwaka mzima, na vijia vinavyoshuka karibu na matete vifungwe kuanzia Novemba, vifunguliwe Mei. Walinzi wake wawe wavuvi wa Kapolowe wenyewe, wanaojua tayari viota viko wapi, na walipwe kwa kazi hiyo kutokana na ada ndogo itakayotozwa palepale abiria anaposhuka basi.