Mke wa John Howland Alikuwa Binti wa Nani?

Jiwe ambalo wazawa wa John Howland walimwekea katika karne ya 19, kwenye makaburi ya Burial Hill mjini Plymouth, Massachusetts, lilisema mkewe alikuwa binti wa gavana John Carver. Ukoo mzima uliamini hivyo. Nani asingependa bibi yake awe mtoto wa gavana, hasa ikiwa babu mwenyewe alifika Marekani mwaka 1620 akiwa mtumishi wa huyo Carver, tena nusura afe maji njiani? Dhoruba ilimtupa baharini, akaponea kamba ya tanga.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, mkutubi huku Massachusetts, na wanaonijia kutafuta nasaba zao nawaanzishia na kisa hiki. Aliyelikanusha jiwe ni William Bradford, gavana aliyemfuata Carver. Alisafiri nao katika meli ya Mayflower, na baadaye akaandika orodha ya abiria na yaliyompata kila mmoja. Mswada wake ulitoweka Boston wakati wa vita vya uhuru, ukaja kuonekana London, katika maktaba ya askofu huko Fulham, ukachapishwa mwaka 1856. Humo imo wazi: Howland alimwoa Elizabeth, binti wa John Tilley. Wazazi wa binti huyo walikufa katika baridi ya kwanza, pamoja na karibu nusu ya abiria 102.

Ukishapata jina, inabidi uvuke bahari kurudi Uingereza, ambako tangu 1538 parokia ziliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Daftari la Henlow, Bedfordshire, linaonyesha Elizabeth alibatizwa Agosti 1607. Tarehe nazo zina mitego. Mwaka wao ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari 1673, Howland alipofariki, kwao ilikuwa bado 1672. Wasiolijua hilo wamewazika watu kabla hawajaugua.

Lakini karatasi niipendayo kuliko zote ni wosia. Katika wosia wake wa 1686, Elizabeth anamwachia John, mwanawe mkubwa, pauni tano na kitabu cha Tyndale. Mwanawe mwingine, Jabez, anapata godoro la manyoya ya ndege, ambalo tayari lilikuwa kwake, na chungu kikubwa cha chuma. Mabinti wanatajwa kwa majina ya waume zao, wajukuu nao wamo, na hapo ndipo kizazi kimoja kinapofungwa na kingine. Wageni wangu hupenda kumtaja Franklin Roosevelt na Humphrey Bogart, ambao ni wazawa wa ndoa hii. Kwangu, chungu cha Jabez kinathibitisha mengi zaidi.

Elizabeth alifariki mwaka 1687 mjini Swansea, huku huku Massachusetts, nyumbani kwa bintiye Lydia, wala hakuzikwa Plymouth. Sehemu ya Swansea ya siku hizo sasa imo katika jimbo jingine, hivyo anayetaka kuliona kaburi lake ninamwelekeza East Providence, Rhode Island.