Pikipiki kuukuu: Kagua hati kabla ya injini

PIKIPIKI kuukuu haziadimiki mjini Kenol, Kaunti ya Murang'a, pale ambapo njia ya kwenda mjini Murang'a huchepuka kutoka barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nyeri. Serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki zisizozidi cc 250 mnamo 2008, bodaboda zilitapakaa kote nchini, na zilizochakaa huuzwa kwa bei ya kutupa.

Kwa anayeanza kujifunza kuendesha, na aliye na subira ya kushika spana, hilo si wazo baya. Pikipiki ya cc 100 au 125 ni nyepesi, na hata ikianguka mtu mmoja huiinua. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huanzia pasipofaa: huwasha injini, wakasikiliza mngurumo, kisha wakatoa pesa.

Injini ndiyo inayosameheka zaidi. Vipuri vya Boxer na TVS hupatikana kwa urahisi, na fundi yeyote wa jua kali anaifahamu ndani na nje. Kisichorekebishwa kwa spana ni hati ya umiliki.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye chombo hadi ithibitishwe vinginevyo. Aidha, chombo kilichouzwa hakiruhusiwi kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Ilhali bodaboda aghalabu huuzwa mkono kwa mkono, hata anayekuuzia akawa hamjui aliyeandikwa katika hati. Nyingine zilinunuliwa kwa mkopo, na jina la mkopeshaji lingali humo. Muuzaji kama huyo hana ruhusa ya kukuuzia.

Basi tafuta jina la mwenyewe kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen, kwa kutumia nambari ya usajili. Kisha linganisha na hati nambari iliyopigwa kwenye fremu, karibu na shingo ya usukani, na ile ya injini. Ukiona imekwaruzwa au kupigwa upya, ondoka, hata bei iwe tamu vipi. Mwuuzaji ndiye huanzisha uhamisho wa umiliki mtandaoni. Afanye hivyo mbele yako kabla hujamaliza kulipa.

Baada ya hati, tazama fremu. Bodaboda hubeba magunia, mitungi ya gesi na hata vitanda. Simama nyuma yake uone iwapo magurudumu yamefuatana katika mstari mmoja, na uchunguze nyufa kwenye maungio yaliyochomelewa. Inua gurudumu la mbele, uzungushe usukani taratibu: ukikwama katikati, beringi zimeliwa. Mnyororo nao uvute kwa nyuma pale unapozunguka gia ya gurudumu. Ukiinuka hadi nusu ya jino kuonekana, utanunua mnyororo mpya pamoja na gia zake zote mbili, kwani gia kuukuu huumaliza mnyororo mpya upesi.

Fika kabla injini haijawashwa. Mwuuzaji aliyeipasha moto mapema huenda anaficha ugumu wa kuiwasha. Moshi wa samawati usiokoma ni ishara kuwa oili inaungua, pengine kwa sababu ringi za pistoni zimechoka. Hilo si kosa la kukufukuza, mradi gharama yake uiondoe kwenye bei.

Ukishainunua, anza na breki, tairi, nyaya na taa. Rangi ije mwisho, ingawa vijana wengi hupenda kuanza nayo. Tenga pia pesa za helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga, ambazo ni lazima kisheria, za bima na za leseni ya mwanagenzi.

Wala usiiendeshe kutoka kwa mwuuzaji hadi nyumbani. Barabara ya Kenol, Sagana hadi Marua, kilomita 84 ambazo upanuzi wake ulianza 2020, si mahali pa kujaribia breki za mtu mwingine. Ipakie kwenye pikapu.